Kwa Kipimo cha Nguvu: Ellen Harmon Baada ya Jiwe

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 33:12–14, 1 Wafalme 19:1–8, Mathayo 18:21–35, Marko 8:22–25, Wagalatia 6:1–5.

Fungu la kukariri: Mwanzo 33:14.

Waadventista wengi wanakijua kisa cha jiwe. Watoto wa Shule ya Sabato hukisikia wakiwa bado wadogo: msichana wa miaka tisa anapigwa jiwe usoni, anaugua sana, na baadaye Mungu anamwita awe mjumbe wake. Kikisimuliwa hivyo, kisa huruka kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye njozi kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Lakini katikati kuna miaka kama minane. Ni miaka ya mtoto aliyelazimika kujifunza upya mambo ambayo mwenye afya hayafikirii kabisa: kuketi, kuvuta pumzi, kushika kalamu, kusoma mstari mmoja bila kizunguzungu.

Miaka hiyo inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu katika makanisa yetu wapo ndugu wanaoipitia sasa. Mmoja ameanguka na pikipiki, mwingine ameteleza kwenye ngazi, kijana amegongana na mwenzake uwanjani. Kidonda cha nje kikishafunga, watu hutarajia mgonjwa aamke, achote maji, arudi kwenye kwaya. Asipoweza, maneno huanza. Wengine humwita mvivu. Wengine humwambia kwamba imani yake ni haba.

Somo la juma hili linafuata maisha ya Ellen Harmon, aliyekuja kuitwa Ellen G. White, kuanzia siku ya jiwe hadi uzee wake. Swali la kulitazama katika kila siku ni hili: je, mtu aliyejeruhiwa kichwa anarudije kwenye mwendo wa kila siku, na sisi tulio karibu naye tunapaswa kufanya nini?

JUMAPILI
Jiwe mjini Portland

Ellen Gould Harmon alizaliwa tarehe 26 Novemba 1827, karibu na Gorham katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Alizaliwa pacha na Elizabeth, nao wawili walikuwa vitindamimba katika nyumba ya watoto wanane. Baba yao, Robert Harmon, alikuwa mtengenezaji wa kofia. Mama yao, Eunice, alikuwa mwanamke wa sala na wa amani. Mapacha wakiwa bado wadogo, familia ilihamia Portland, mji wa bandari.

Siku moja, Ellen akiwa na miaka tisa, alikuwa akikatiza uwanja wa wazi mjini pamoja na Elizabeth na mwenzao wa shule. Msichana mwingine, mwenye umri wa kama miaka kumi na mitatu, alikuwa amekasirishwa na jambo dogo, akawafuata. Wazazi wao walikuwa wamewafundisha wasigombane na mtu. Wakiona hatari, wakimbilie nyumbani. Wakakimbia. Ellen aligeuza kichwa ili aone yule msichana yuko umbali gani, na wakati huohuo jiwe likampiga puani. Akaanguka chini, amezimia.

Alipopata fahamu alijikuta ndani ya duka. Damu ilikuwa imetapakaa nguo zake na sakafu. Mtu mmoja asiyemfahamu alijitolea kumpeleka nyumbani kwa gari lake la farasi. Ellen alikataa, aliogopa kulichafua gari kwa damu, wala hakujua ameumia kiasi gani. Akaanza kutembea. Baada ya hatua chache kichwa kikamzunguka na nguvu zikamwisha. Elizabeth na mwenzao wakambeba mpaka nyumbani.

Hapo ndipo kumbukumbu yake ilipokatika. Kwa majuma matatu alilala bila kujua lolote. Wote waliomwona walidhani atakufa, isipokuwa mama yake. Jirani mmoja mwema alitaka hata kununua nguo za maziko, lakini mama alimzuia, maana moyoni mwake aliamini kwamba mtoto ataishi.

Tazama hatua zile chache za kwanza. Mtoto alisimama, alizungumza, alikataa msaada kwa adabu, na alionekana kuwa na akili timamu. Lakini ndani ya kichwa mambo yalikuwa yameharibika. Mtu aliyepigwa kichwani anaweza kuinuka na kusema kwamba hajambo, na asemapo hivyo hadanganyi. Ni kwamba yeye mwenyewe hajajua. Ndiyo maana wenzake wanapaswa kuwa macho kwa niaba yake.

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya alipofika mwisho wa nguvu zake, Mungu alimpa nini kwanza, kabla ya kumwuliza lolote au kumtuma mahali popote? Jambo hilo linatufundisha nini kuhusu siku za mwanzo za mgonjwa?

JUMATATU
Kitanda, kioo na ushauri wa majirani

Ellen alipozinduka, alidhani alikuwa amelala usingizi tu. Hakukumbuka jiwe wala uwanja. Alijikuta katika kitanda kikubwa cha kubembeza, kilichotengenezwa kwa ajili yake wakati wa ugonjwa, na humo alilala kwa majuma mengi. Mwili ulikwisha, ukabaki kama mifupa mitupu.

Wageni walipokuja kumwona, aliwasikia wakimsikitikia, wengine wakisema kwamba wasingemtambua. Akaomba kioo. Alichokiona kilimshtua: mfupa wa pua ulikuwa umevunjika na sura yote imebadilika. Baba yake wakati huo alikuwa safarini Georgia, kusini mwa nchi, kwa ajili ya biashara. Aliporudi, aliwakumbatia watoto wengine, kisha akauliza Ellen yuko wapi. Mama alimwonyesha kwa kidole. Baba hakumtambua binti yake mwenyewe. Jambo hilo lilimwumiza Ellen kuliko maumivu ya mwili, ingawa alijitahidi kuonyesha uso wa furaha.

Marafiki wa familia walikuja na ushauri. Walimshauri baba amshtaki mahakamani mzazi wa yule msichana, kwa kuwa, kwa maoni yao, maisha ya Ellen yalikuwa yameharibiwa. Eunice Harmon alilipima jambo hilo kwa utulivu. Kama kesi ingeweza kumrudishia mtoto afya na sura yake, kungekuwa na faida. Kwa kuwa haikuweza, aliona heri kutojitafutia maadui. Nyumba ile ikachagua amani, na nguvu zao zote wakazielekeza kwenye kumwuguza mtoto.

Uamuzi huo haukuifanya njia iwe fupi. Nguvu zilirudi polepole sana. Kwa miaka miwili Ellen hakuweza kuvuta pumzi kwa pua. Watoto wenzake walimtendea kwa namna tofauti na zamani kwa sababu ya sura yake, naye akajifunza mapema kwamba uso wa mtu unaweza kubadili upendo wa wengine. Katika upweke huo alianza kumtafuta Mwokozi.

Afya ya mgonjwa wa kichwa hutegemea pia hali ya nyumba anamolala. Nyumba yenye ugomvi, lawama na mipango ya kisasi humwongezea mzigo mtu ambaye hata sauti ya kawaida inamchosha. Mama yule hakuwa tabibu, lakini aliilinda nyumba yake iwe mahali pa kupona.

Soma Mathayo 18:21–35. Ni katika njia gani msamaha unaweza kuwa sehemu ya matibabu, si ya roho tu bali ya nyumba nzima?

JUMANNE
Kalamu iliyotetemeka

Ellen alipopata nguvu kidogo, alirudi shuleni. Alipenda masomo na alikuwa na matumaini ya kuwa mtu mwenye elimu. Lakini mkono ulitetemeka. Hakuweza kuendelea mbele katika kuandika. Alichoweza ni maandishi makubwa na rahisi tu. Alipojaribu kusoma, herufi ziliingiliana kwenye ukurasa, jasho likamtoka kwenye paji la uso, kizunguzungu kikamshika na kuzirai kukamkaribia. Alikuwa pia na kikohozi kibaya, na mwili wote ulikuwa dhaifu.

Mwalimu alimweka mmoja wa wanafunzi wakubwa amsaidie katika kuandika na masomo mengine. Msaidizi huyo alikuwa yule yule msichana aliyerusha jiwe.

Huenda hakuna sehemu ya kisa hiki inayogusa moyo kama hii. Msichana huyo alikuwa na majuto ya kweli kwa madhara aliyoyaleta. Alimsaidia Ellen kwa upole na uvumilivu, na kila alipouona mkono ule ukihangaika kuunda herufi alihuzunika. Ellen naye alijihadhari sana asimkumbushe lililotokea. Hivyo wawili hao waliketi pamoja darasani: mmoja anajifunza upya kushika kalamu, mwingine anajifunza kurekebisha, kwa kadiri iwezekanavyo, alichokiharibu.

Hata hivyo msaada haukutosha. Walimu walimshauri Ellen aache shule hadi afya yake iwe nzuri zaidi. Kwake huo ulikuwa mgumu kuliko mapambano yote ya utoto wake: kukubali kwamba anapaswa kuyaacha masomo, na pamoja nayo matumaini ya kupata elimu. Baada ya miaka kama mitatu alijaribu tena, akiwa na umri wa kama miaka kumi na miwili. Afya ikaanguka kwa haraka. Ikaonekana wazi kwamba akiendelea, atalipa kwa uhai wake. Hapo elimu yake ya darasani ikafika mwisho.

Wapo wanaoisoma habari hii kama habari ya kushindwa. Lakini ona alichofanya baadaye. Hakuacha kujifunza, alibadili mahali na mwendo wa kujifunza. Mama yake alimfundisha kazi za nyumbani. Kwa baba yake alijifunza kazi ya kofia. Alizisoma kazi za Mungu katika miti, maji na anga, mahali ambapo hapakuwa na herufi za kuingiliana. Alipopata nguvu alisoma kitabu kwa kiasi, na alipochoka alikiweka chini.

Soma Mwanzo 33:12–14. Esau alitaka waende pamoja kwa mwendo wake. Yakobo alijua kwamba watoto na mifugo wachanga wakisukumwa kwa nguvu hata siku moja, kundi litakufa. Je, Yakobo alikuwa mvivu au mwenye hekima? Ni nani katika kanisa lako anayelazimishwa kwenda kwa mwendo wa Esau?

JUMATANO
Ukurasa mmoja, kisha siku tatu

Mwaka 1840 mhubiri William Miller alifika Portland akitangaza kuja kwa Kristo. Familia ya Harmon, waliokuwa Wamethodisti, iliupokea ujumbe huo. Ellen alibatizwa kwa kuzamishwa katika maji ya ghuba ya Casco tarehe 26 Juni 1842. Alitamani sana kushiriki katika kueneza ujumbe, lakini hakuwa na fedha wala nguvu.

Alichofanya kilikuwa kidogo, lakini kilipangwa vizuri. Katika kazi ya kofia aliichagua sehemu iliyo nyepesi kuliko zote, yaani kuunda kile kipande cha juu kinachofunika kichwa. Alifuma pia soksi, kila jozi kwa senti 25. Moyo wake ulikuwa dhaifu kiasi kwamba hakuweza kuketi bila kuegemea, kwa hiyo aliwekewa mito kitandani, akafanya kazi akiwa ameegemea. Siku nzima ilimpa senti 25 tu. Alijinyima mapambo, na fedha hiyo ikanunua vitabu na vijarida vya kugawia watu. Vidole vilitetemeka, lakini kazi iliwekwa mahali ambapo vidole vile viliweza kuifikia.

Oktoba 22, 1844 ilipita, na Yesu hakuja kama walivyotazamia. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Ellen akiwa na miaka kumi na saba na afya mbaya sana, alikuwa akiomba na wanawake wengine wanne mjini Portland alipopewa njozi yake ya kwanza. Alipoamriwa kuandika aliyoonyeshwa, mkono ule usioweza kuandika ulikuwa ungali ukitetemeka. Mwenyewe alisimulia kwamba alipotii, mishipa iliimarishwa na mkono ukatulia. Kuanzia hapo aliandika maisha yake yote, hadi kazi zake zikafika karibu kurasa 100,000.

Lakini muujiza wa mkono haukuondoa udhaifu wote. Mwezi Machi 1858, yeye na mumewe, James White, aliyefunga naye ndoa mwaka 1846, walikuwa wakirudi nyumbani Battle Creek kutoka Lovett's Grove, Ohio, ambako alikuwa ameonyeshwa historia ndefu ya pambano kati ya Kristo na Shetani. Njiani, katika mji wa Jackson, alishikwa ghafula na hali kama ya kupooza. Ulimi ukawa mzito, na mkono na mguu wa kushoto vikakosa nguvu. Hata baada ya kuweza kutembea, kwa majuma kadhaa hakuhisi mkono uliomgusa, wala maji baridi sana yaliyomwagwa kichwani. Alipoinuka kwenda, mara nyingi aliyumba, na mara nyingine alianguka sakafuni.

Katika hali hiyo alianza kuandika aliyoonyeshwa. Mwanzoni aliweza ukurasa mmoja tu kwa siku, kisha alipumzika siku tatu. Kadiri alivyoendelea, nguvu ziliongezeka. Kurasa zikaongezeka nazo. Kitabu kilichapishwa mwaka huohuo, na ndicho kilichokuwa mbegu ya *Pambano Kuu*. Alipokimaliza, madhara ya pigo lile yalikuwa yamemwacha.

Ukurasa mmoja, kisha siku tatu. Mtu mwenye pupa angesema kwamba hiyo si kazi. Lakini msichana aliyewahi kupoteza shule kwa sababu mwili haukuweza kwenda kwa mwendo wa darasa alikuwa sasa mwanamke aliyejua kipimo chake. Hakusubiri mpaka apone ndipo aanze, wala hakuandika kurasa kumi siku ya kwanza ili aanguke siku ya pili.

Soma Marko 8:22–25. Yesu alikuwa na uwezo wa kumponya kipofu kwa neno moja. Kwa nini, kwa maoni yako, mtu huyu alipona kwa hatua mbili? Fungu hili linampa faraja gani anayepona polepole?

ALHAMISI
Nyayo katika theluji

Tarehe 16 Agosti 1865, James White alipigwa na kiharusi. Alikuwa amefanya kazi kupita kiasi kwa miaka mingi: kuhariri, kuhubiri, kusafiri, kusimamia nyumba ya uchapaji, na kuliongoza kanisa changa. Sasa mwili na akili vilikuwa vimeanguka pamoja. Ellen alimpeleka Dansville, jimbo la New York, kwenye taasisi ya tiba ya maji. Matabibu wa huko walimhudumia kwa wema, lakini waliamini kwamba dawa kubwa ilikuwa kupumzika kabisa, bila kazi ya mikono wala ya akili.

Miezi ilipita. Ellen aliona kwamba mumewe, badala ya kuimarika, alikuwa akizidi kujitazama na kuogopa. Kila hatua ilimtisha. Siku za mwanzo pumziko lilikuwa limemsaidia. Sasa pumziko lisilo na mwisho lilikuwa limegeuka kifungo. Desemba 1866, kinyume cha ushauri wa wengi, alimchukua mumewe katikati ya dhoruba ya theluji, wakaenda kaskazini mwa Michigan, mahali pa mashambani.

James alikuwa na desturi ya kutembea kidogo kila siku. Asubuhi moja theluji nyingi ilikuwa imeanguka, naye akasema kwamba siku hiyo haiwezekani. Ellen alikuwa ameazima viatu virefu vya kiume, akatoka, akatembea umbali wa karibu nusu kilomita kwenye theluji ile nene, kisha akarudi. Alimwambia mumewe kwamba angeweza kukanyaga katika nyayo zake. James alipoziona nyayo za mke wake zikienda mbele, hakuwa na la kusema. Siku hiyo alitembea kama kawaida.

Majira ya machipuko yalipofika, Ellen alimtuma kijana wao Willie anunue majembe matatu na reki tatu. Walikuwa wamenunua shamba huko Greenville, na kulikuwa na miti ya matunda ya kupanda na bustani ya kulima. James alisitasita, Ellen akashika jembe lake akaanza, ingawa mikono ilitoka malengelenge. Baadaye James naye akashika lake. Wakati wa kukusanya nyasi za mifugo, James alitaka kuwaita majirani. Ellen aliwatangulia majirani hao na kuwaomba waseme kwamba wana kazi zao. James alipokosa msaidizi, Ellen alipendekeza kwamba yeye na Willie wakusanye nyasi na kuzirusha juu ya gari, naye James azipange na kuendesha farasi. Majirani walishangaa kumwona mwanamke mhubiri juu ya lundo la nyasi akizikanyaga. Lakini kazi ilifanyika, na mgonjwa alilala usiku akiwa amechoka kwa uchovu mzuri.

James White alipona kiasi cha kurudi kwenye utumishi. Aliliongoza tena kanisa kama mwenyekiti wa Konferensi Kuu, akaishi hadi tarehe 6 Agosti 1881.

Ona tofauti kati ya Ellen na watu wa aina mbili. Wa kwanza humwambia mgonjwa aamke sasa hivi. Wa pili humwambia asiinuke kabisa. Yeye hakumsukuma mumewe kutoka nyuma, wala hakumwacha kitandani. Alitangulia, akaacha alama ya mguu, na umbali aliouchagua ulikuwa ule ambao James alikuwa ameshauzoea. Hayo aliyajua kwa sababu aliwahi kuwa mtoto aliyewekewa mito, aliyepewa msaidizi wa kumshikia kalamu, aliyeachwa aende kwa mwendo wake.

Soma Wagalatia 6:1–5. Fungu la 2 linazungumzia kuchukuliana mizigo, na la 5 kila mtu kuuchukua wake. Habari ya theluji na ya nyasi inatusaidiaje kuona kwamba mafungu haya mawili hayapingani?

IJUMAA
Jifunze zaidi

Desemba 1891 Ellen White, akiwa mjane mwenye umri wa miaka 64, alifika Australia. Muda mfupi baadaye maumivu makali ya viungo yalimshika, akaugua kwa miezi kumi na mmoja. Mara nyingi hakuweza kulala usiku. Lakini mkono wa kulia, kuanzia kiwiko kushuka, uliweza kutumika. Akaegemezwa kwa mito, mkono ukapata mahali pa kuegemea, akaandika. Katika miezi hiyo aliandika kurasa 2,500 za karatasi za barua. Yule msichana wa mito na soksi wa Portland alikuwa bado anatumia njia ileile: kuutafuta uwezo uliobaki, na kuupangia kazi kwa kadiri yake.

Katika uzee wake, alipolikumbuka pigo lile la utotoni, aliona kwamba jambo lililomnyima furaha nyingi za dunia ndilo lililoyageuza macho yake kuelekea mbinguni. Hakulisifu jiwe, alimsifu Mungu aliyeweza kulitumia. Alifariki tarehe 16 Julai 1915 huko California, akiwa na umri wa miaka 87.

Yale ambayo familia ya Harmon iliyajifunza kwa uchungu, leo yanafundishwa na matabibu kwa mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo. Siku moja au mbili za kwanza apumzike. Baada ya hapo asilale majuma mengi bila sababu, bali arudie shughuli nyepesi kidogo kidogo, na dalili zikizidi arudi nyuma hatua moja. Akiamka, ageukie ubavu, aketi ukingoni mwa kitanda, angoje kizunguzungu kipite, ndipo asimame. Akitaka kuokota kitu, achuchumae badala ya kuinamisha kichwa. Asigeuze shingo kwa ghafula. Asibebe ndoo wala kuni kichwani. Asome kwa dakika chache, apumzike, kisha aendelee. Asipande wala kuendesha pikipiki, na asirudi kwenye mpira, mpaka tabibu amruhusu, maana pigo la pili kabla ya la kwanza kupona ni hatari. Mtoto anaweza kuanza na nusu siku ya shule. Maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika tena na tena, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege au mkono na mguu vikilegea, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni Sabato na hata kama ni usiku.

Maswali ya kujadili:

1. Kama darasa, mnaweza kubadili nini ili ndugu aliyeumia kichwa aweze kuabudu pamoja nanyi? Fikirini kuhusu sauti ya vipaza sauti, mwanga, kusimama kwa muda mrefu wakati wa sala, na nani atamsindikiza nyumbani.

2. Ellen alipata uponyaji wa ghafula katika jambo moja, na kupona kwa polepole katika mengine mengi. Tunawezaje kuombea uponyaji bila kumfanya anayepona polepole ajione kwamba ana hatia?

3. Mtu aliyesababisha madhara aweza kuwa msaidizi bora wa aliyeumia. Ni nini kilichohitajika kwa pande zote mbili ili jambo hilo litokee darasani Portland? Je, kanisa lako lina nafasi kwa mtu wa namna hiyo?

4. Mtajeni, kwa ridhaa yake, mshiriki mmoja anayepona juma hili. Umbali wake wa leo ni upi, na nani kati yenu atatangulia kuacha nyayo?